Mwaka Bima Walipotaka Mlango

Habari za kifo cha Mabula zilinikuta mikono imejaa mafuta. Nilikuwa hapa kwangu Shinyanga, namkanda mama mmoja bega lililoganda, simu ikaita mezani nikaibonyeza kwa kifundo cha kidole, na sauti ya Bi Mwamvua ikajaa chumba kizima bila hata kunijulia hali: "Vero, yule dereva wako wa Masumbwe hatunaye." Dereva wako! Miaka yote hii imepita, Bi Mwamvua kazeeka, meno yamepungua, lakini bado anamwita dereva wangu, naye alikuwepo na anajua fika kwamba hakuwa wangu hata kwa dakika moja. Nikamwambia sawa, nimesikia. Nikamaliza bega la yule mama kwa sababu bega halina msiba. Sikulia. Nilishikwa na hasira, tena hasira mbichi kabisa, mpaka yule mama akaniuliza kama amenikosea. Kesho yake nikapanda basi la Kahama kwenda Masumbwe kuzika. Asije mtu akanipa sifa ya upole, maana nilikwenda kwa sababu nilitaka kuiona sura ya mke wake.

Mwaka ninaousema nilikuwa sijafika thelathini. Nilikozaliwa na aliyenisomesha hayahusiani na jambo hili, nayaacha. Nilikuwa nimemaliza chuo cha tiba ya viungo, nikafanya kazi kidogo hospitalini, nikachoka kuamrishwa na watu wasiojua jina la msuli hata mmoja, nikaenda Geita kujitafutia. Mtaa wa Kalangalala nikapanga fremu kwenye nyumba ya Bi Mwamvua. Aliyenitangulia alikuwa anauza mbolea, na kila mvua iliponyesha ukuta ulitoa ile harufu mpaka wagonjwa wakaniuliza kama ndiyo dawa yenyewe. Mlango wa fremu ulikuwa wa mabati, wa kukunja pande mbili, ukiufungua asubuhi chumba chote kinakuwa sehemu ya baraza: kitanda changu chenye tundu la kuwekea uso katikati, ndoo ya maji ya moto pembeni, na ukutani benchi refu la wasindikizaji. Benchi lile lilikuwa muhimu kama kitanda. Kwetu mgonjwa haendi tiba peke yake. Anakuja na mke, shemeji, jirani aliyekuwa hana shughuli siku hiyo, na wote wanakaa pale pale wanatazama, wanakula karanga, wanatoa maoni. "Hapo hapo dokta, hapo ndipo panapomsumbua hata akilala." Wengine walikuwa hawana mgonjwa wala nini, wamekuja kukwepa jua. Sikuwafukuza, tena niliwahitaji. Maana Geita ile, ukitamka neno masaji mtu anakukonyeza. Nyuma ya stendi kulikuwa na nyumba zenye vibao vya masaji na mapazia mekundu, na humo hakuna aliyewahi kupona mgongo. Mimi mwanamke kijana, sina mume, nashika miili ya wachimbaji na madereva kutwa nzima. Kilichonilinda ni kwamba mji mzima ulikuwa unaniona. Cheti cha chuo nilikitundika ukutani na sidhani kama kuna aliyekisoma. Watu walisoma mlango wazi.

Bi Mwamvua mwenye nyumba alikuwa Mmanyema wa Kigoma. Alikuja Geita na mume mnunuzi wa dhahabu, mume akaenda zake, nyumba ikabaki. Yeye alikuwa akikanda wazazi kwa maji ya moto uani kwake, na mchana tulikula pamoja jikoni: ugali wa muhogo na dagaa waliokaangwa kwa mawese, mpaka leo nikisikia harufu ya mawese naiona ile sufuria yake iliyotoboka sikio. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Hakuna ndoa iliyovunjika Kalangalala bila yeye kujua siku tatu kabla ya wenyewe. Nilimpenda, na bado nampenda, lakini siwezi kusema alinisaidia.

Mabula aliletwa kwa bajaji, mke wake kamkumbatia kiunoni. Alikuwa dereva wa yale magari makubwa ya kubeba mawe, ameajiriwa na mkandarasi mmoja ndani ya mgodi, na siku ya mvua aliteleza kwenye ngazi ya gari akaangukia kiuno. Hospitali walimpiga picha, wakampa vidonge na mkanda wa kufunga tumboni. Alitembea kainamia upande mmoja kama mtu anayetafuta sarafu iliyodondoka. "Mwangaluka," akanisalimia kwa Kisukuma, jasho linamtoka kwa kusema tu. Mke wake hakusalimia, aliuliza moja kwa moja: "Dokta, atapanda ngazi?" Ngazi ndiyo ilikuwa habari yenyewe. Mwajiri wake alikuwa amempa muda mpaka masika yaanze. Siku hiyo angeitwa mbele ya daktari wa kampuni, apande ngazi ya gari kwa miguu yake mpaka juu, aketi kwenye usukani. Akipanda, kazi anayo. Asipopanda, ndiyo basi. Nikamlaza, nikampapasa uti wa mgongo pole pole kuanzia shingoni, nikasikiliza mahali anapokata pumzi, nikampima miguu. Nikamwambia mke wake kweli tupu: "Atapanda, Mama Minza. Lakini aje mara tatu kwa wiki, asikose."

Mama Minza alikuwa mrefu, mwembamba, ulimi kama wembe. Alikaa kichwani mwa kitanda, hotipoti ya matobolwa, viazi vitamu vya kukausha, mapajani, na kila nilipomgusa mumewe aliuliza: "Hapo ni nyama au mfupa?" Nikamwonyesha namna ya kumwekea kitambaa cha moto nyumbani, namna ya kumgeuza bila kumvuta mkono, na alishika haraka. Mabula hakuwa mwanaume wa kuvumilia kimya. Nikifika kwenye kile kiuno anapiga ukelele, "Uuuwi, dokta, unaniua!" na Mama Minza anajibu bila kuinua macho kwenye viazi vyake: "Muue tu dokta, nimeshachoka kumfunga viatu." Benchi zima linacheka. Mabula mwenyewe anacheka, halafu anaumia kwa kucheka, halafu anatukana kwa Kisukuma, halafu anacheka tena. Kazi yangu yote sijawahi kufanya vizuri kama nilivyofanya katika kile chumba kilichonuka mbolea, na watu waliokuwa wakila viazi.

Sasa bima. Mabula alikuwa na kadi ya kampuni ya bima kupitia kazini, na kadi ile ilikubali kumlipia, lakini Mwanza. Aende Mwanza mara tatu kwa wiki, basi mpaka kivukoni, asimame foleni, avuke, apande gari lingine, akandwe nusu saa, kisha arudi vile vile. Alijaribu. Kila alipotoka Mwanza kiuno kilikuwa kimeharibika kuliko alivyoondoka. Akaanza kunilipa mfukoni, mfuko ukaisha, nikaendelea kumkanda hivyo hivyo, lakini Bi Mwamvua naye alikuwa anataka kodi yake na hakuona kwa nini kiuno cha Msukuma kikae bure kwenye fremu yake. Nikaandika maombi niingizwe kwenye orodha ya vituo vya bima. Nikasubiri. Asubuhi moja akaja mkaguzi. Nitamwita Mkaguzi hivyo hivyo, jina lake silitaki mdomoni. Kijana msafi, shati limenyooshwa, mpole, na upole wake ndio uliokuwa mbaya, maana ukigombana na mtu mpole wewe ndiye unayeonekana kichaa. Alisimama mlangoni akatazama chumba: Mabula kalala kifudifudi, shuka kiunoni, Mama Minza na hotipoti yake, mama muuza samaki wa barazani kaingia kuomba maji, na kwenye benchi wachimbaji wawili waliosinzia.

"Hawa wote ni wagonjwa?" akauliza.

"Mgonjwa ni huyo aliyelala."

"Na hawa?"

"Huyu mke wake. Hawa wawili mmoja anasubiri zamu, mwingine anamsubiri anayesubiri. Na huyu mama anakunywa maji."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Dada, hapa hakuna faragha kabisa."

"Faragha ya nini, baba?" Mama Minza akamuuliza. "Mume wangu, mgongo wake ninaujua."

"Ni haki yake, mama. Mwongozo unasema mgonjwa atibiwe bila kuonwa na watu wengine. Chumba kiwe na mlango unaofungwa. Anaingia mwenye kadi peke yake. Ni kwa faida yake."

Na nasema bila kumung'unya maneno: mwongozo ule haukuwa wa kijinga. Hata chuoni tulifundishwa hivyo hivyo, pazia, mlango, heshima ya mgonjwa. Kuna mahali ambapo kufunga mlango ni kumheshimu mtu. Nilimtoa nje kando ya baraza nikamweleza taratibu kwamba hapa ni Geita, kwamba nikijifungia ndani na mume wa mtu nimekwisha, kwamba hao watu kwenye benchi ndio walinzi wangu na walinzi wa mgonjwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akatabasamu. "Dada, wewe ni mtaalamu. Watu watazoea." Watu watazoea! Angekuwa amenitukana ningejua la kumjibu.

Mchana ule nikamwaga yote jikoni kwa Bi Mwamvua, nikidhani mtu anayeyajua maneno ya mji kuliko wote ataona hatari kabla yangu. Wapi! Alilamba mawese kidoleni akasema: "Funga mlango tule, we mtoto. Midomo ya watu haijawahi kunilipa kodi." Nikamuuliza Mama Minza mwenyewe, nikamkalisha, nikamweleza kwamba atabaki nje wakati mumewe yuko ndani na mimi. Akanitazama kama nimemuuliza swali la kitoto. "Dokta, bima wakilipa atakuja mara tatu?" Nikasema ndiyo. "Basi funga. Nitakaa nje nimsubiri. Mimi ninachotaka apande ile ngazi." Namkumbuka alivyosema, mkono umeshika kifuniko cha hotipoti. Kwa hiyo tulikubaliana wote, na asikudanganye mtu kwamba kuna aliyelazimishwa.

Fundi seremala akagawa fremu kwa ukuta wa mbao, akatia mlango wa mninga wenye kitasa. Mlango mzuri. Mkaguzi akaja tena, akaufunga na kuufungua, akageuza ufunguo kwa kuridhika, na haukupita muda ujumbe ukaingia kwenye simu kwamba nimepokelewa na kwamba matibabu ya Mabula yameidhinishwa mpaka mwanzo wa masika. Mama Minza alipiga kigelegele pale barazani. Nami nilifurahi, siwezi kuficha. Wiki ya kwanza tulifanya kazi vizuri, Mabula akaanza kunyooka, akaweza kuvaa soksi mwenyewe. Nilimwekea stuli ya Bi Mwamvua akawa anaipanda na kushuka, mguu mmoja, mguu wa pili.

Ila sikuwahi kujua jinsi kazi yangu inavyopiga kelele. Mlango ulipokuwa wazi hakuna aliyesikia, kwa sababu walikuwa wanaona. Sasa ukuta wa mbao ulizuia macho ukaacha masikio. Kiganja chenye mafuta kikipiga mgongo kinalia. Kitanda kinalia. Mimi mwenyewe nikiweka uzito kwenye kiwiko napumua kwa nguvu, kazi ya kukanda si mchezo. Na Mabula alikuwa Mabula yule yule: "Uuuwi, dokta, unaniua! Hapo hapo, usiache!" Maneno yale yale yaliyochekesha benchi zima mwezi uliopita, sasa yakitokea nyuma ya mlango uliofungwa kwa ufunguo. Siku ya kwanza nilisikia nje kimya, kisha mtu akakohoa. Siku nyingine nikamsikia mama muuza samaki: "Leo baba anauawa kweli kweli." Wakacheka. Mama Minza akajibu kama zamani, "Mwacheni auawe, nimeshachoka kumfunga viatu," na wakacheka zaidi, lakini hawakuwa wakicheka na yeye. Nadhani ndipo aliposikia tofauti. Mimi niliisikia pia, mikono ikiwa kiunoni mwa mumewe, nikamwambia Mabula kwa kunong'ona apunguze kelele. Nalo lilikuwa kosa, kwa sababu sasa kulikuwa na kunong'ona.

Lisemwalo lipo, ndivyo watu wanavyosema, na wakishasema hivyo hawatafuti tena. Bombani wakamtungia Mama Minza jina: Mama Benchi. Watoto wakalidaka. Anapita na ndoo, wanamwimbia. Muuza samaki alimpa pole mbele za watu, pole ya mtu aliyefiwa, eti ana moyo, yeye asingeweza. Bi Mwamvua aliyaleta yote hayo jikoni na dagaa, huku anacheka, halafu akiona sicheki anasema, "Watanyamaza tu." Wanawake waliokuwa wanaleta waume zao wakaanza kutoa udhuru, kisha wakaacha. Nikamwambia Mama Minza, "Usiwasikilize." Akasema, "Siwasikilizi." Lakini hotipoti hakuja nayo tena, na hakukaa tena karibu na mlango. Alikaa mwisho wa benchi, uso umeelekea barabarani, kama mtu asiyejuana na waliomo ndani.

Ilikuwa imebaki kidogo sana masika yaanze. Mabula alikuwa kalala, nimefika pale penyewe, mlango ukagongwa kwa ngumi. Nikafungua. Mama Minza aliingia, akatazama kitanda, akatazama shuka, akatazama ufunguo mkononi mwangu. "Vaa shati twende."

"Mama Minza, bado nusu," Mabula akasema, uso ungali ndani ya tundu.

"Nimesema vaa."

Nyuma yake mlango wa fremu ulikuwa umejaa watu, muuza samaki mbele. Mabula akainuka. Kiuno kilikuwa bado hakimruhusu kujipinda vizuri, nikamshikia shati kama ninavyowashikia wagonjwa wote, na Mama Minza akalipokonya mkononi mwangu kwa nguvu mpaka kifungo kikaruka. Akamvisha yeye. Wakatoka, watu wakawapisha njia, na hakuna aliyecheka mpaka walipofika barabarani.

Kesho yake nikawafuata nyumbani. Alikuwa anafua uani. Hakunikaribisha. Kwa watu wetu hata adui anapewa kigoda, mimi nilisimama juani na mkoba wangu. Nikamwambia: "Siku hizi ndizo zenyewe, Mama Minza. Amebakiza kidogo mno. Njoo ukae ndani na sisi, mimi nitasema na bima."

"Nikae ndani? Si ulinitoa wewe?"

"Walikutoa bima."

"Bima simjui," akasema, akikamua shati lile lile. "Mimi nakujua wewe."

Ndani nikamsikia Mabula anakohoa. Alikuwa karibu na dirisha, alisikia kila neno. Hakutoka. Mwanaume mzima, aliyekuwa akipiga kelele mtaa mzima ukamsikia, siku aliyotakiwa kusema neno moja tu alikohoa. Nilimchukia kwa kikohozi kile na sijui kama nimeacha.

Nikampigia Mkaguzi. Akapokea kwa adabu. Nikamwomba ruhusa mke aingie chumbani, basi, mke tu. Akasema mke si mgonjwa, labda ipatikane barua ya daktari kwamba mgonjwa anahitaji msaidizi. Daktari gani? Wa Mwanza, aliyemwona mara ya kwanza. Nilipompata huyo daktari kwa simu na kumsihi, Mkaguzi akanijulisha, tena kwa masikitiko, kwamba mgonjwa amekosa kuhudhuria na mfumo umeshamfunga. "Ningekuwa na uwezo, dada, ningemfungulia." Ninaamini alisema kweli. Mfumo umemfunga, na anayeuendesha hana ufunguo.

Habari za siku ya ngazi niliambiwa na dereva mwenzake aliyekuja kukandwa shingo. Alisimulia uso ukiwa ndani ya tundu, kwa hiyo sikumwona. Mabula alifika amevaa vizuri, mke wake amemsindikiza mpaka getini. Akashika bomba la ngazi, akapanda hatua za mwanzo vizuri, watu wakaanza kushangilia. Halafu akaganda. Hakuweza kwenda juu, hakuweza kushuka. "Tulimbeba kumteremsha, dokta. Alikuwa analia." Wiki mbili za mikono yangu zingemtosha. Nimefanya kazi hii miaka mingi tangu hapo, nimekosea mara nyingi kukisia mgonjwa atapona lini, lakini kwa huyo sikukosea, na hakuna wa kuniambia vinginevyo. Wakahamia Masumbwe kwa ndugu za mke. Baadaye nikasikia alianguka tena, shambani, na safari hii miguu ikakataa kabisa.

Na kituo changu? Mlango ule ulileta wagonjwa, asikwambie mtu. Uliwaleta wale wale niliowakimbia tangu mwanzo, wanaouliza bei huku wanatabasamu, wanaotaka kujua kama ufunguo unafungwa kwa ndani. Mmoja nilimtoa na chupa ya mafuta mkononi, akaniuliza kwa mshangao wa kweli kabisa: "Sasa mlango wa nini?" Mwaka haukuisha bima wakanitoa kwenye orodha kwa sababu ya uchache wa wagonjwa. Nikafunga virago. Bi Mwamvua aliubakiza ule mlango wa mninga kufidia kodi.

Hapa Shinyanga nakanda wanawake tu, na baadhi wanakuja na kadi za bima, kwa sababu hakuna pa kukimbilia, bima utakutana nayo tu. Juzijuzi walimleta binti mdogo kunipa semina. Mwongozo umebadilika. Siku hizi, akasema, wanashauri mgonjwa awe na msindikizaji anayemwamini chumbani, inasaidia uponyaji na inalinda heshima ya mtoa huduma. Ana picha nzuri ya rangi, mgonjwa kitandani na mke wake amekaa kichwani. Nilicheka mpaka binti wa watu akaniuliza kama nina presha. Yuko sahihi. Mkaguzi naye alikuwa sahihi wakati wake. Wao huwa sahihi kila mwaka, na sisi ndio tunaolipa tofauti ya mwaka na mwaka.

Msibani Masumbwe nilifika wameshazika. Wanaume nje kwenye viti, wanawake ndani kwenye mikeka. Nikavua viatu, nikasema poleni, wakanisogezea nafasi. Mama Minza alikuwa kwenye kona, kajifunga khanga nyeusi, amezeeka kuliko umri wake. Alinitambua. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, makali, nimeyanoa tangu Shinyanga, nikawa nayasubirisha tu watu wapungue. Kisha wakamletea uji, akataka kuinuka apokee, na hakuweza kuinuka. Alijaribu kwa mkono wa kulia, akajaribu kwa goti, akabaki nusu, macho yamefumba. Wanawake wakamrudisha chini kwa upole kama jambo walilolizoea. Macho yangu hayana adabu, yanasoma miili hata msibani. Nikaona bega lilivyopanda, nyonga ilivyoshuka, nikajua kabla ya kuambiwa.

"Nani alikuwa anamwinua Mabula?" nikauliza.

"Nani mwingine?" Mama Minza akasema. "Asubuhi namtoa kitandani, jioni namrudisha. Minza akaolewa. Nikabaki peke yangu."

Nikawaambia wanawake wasogee, nikaomba mafuta yoyote, wakaleta ya alizeti kwenye kikombe. Nikamlaza kifudifudi pale pale kwenye mkeka mbele ya watu wote, nikamfungua khanga mpaka kiunoni. Sijawahi kushika mgongo kama ule. Uzito wa mwanaume mzima ulikuwa umekaa upande mmoja wa mwili wake miaka na miaka, misuli imekuwa migumu kama kamba ya kufungia ng'ombe, na kila nilipogusa niliweza kukwambia alimshikaje, mkono wake ulipita wapi. Alimshika vile vile nilivyomfundisha. Wanawake wakaendelea na mazungumzo yao ya msiba. Akageuza uso upande wangu, shavu juu ya mkeka, akasema kwa sauti ambayo mimi tu niliisikia:

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba hamkuwa na kitu. Hata siku ile nilipogonga nilijua. Sikuwahi kuamini, Vero, hata siku moja."

Mikono yangu ikasimama. "Sasa kwa nini?"

"Walikuwa wananicheka."

Yale maneno yangu yote niliyoyanoa yalikuwa kwa ajili ya mwanamke aliyeamini uongo. Kwa huyu sikuwa na hata moja. Nikachovya vidole tena kwenye mafuta. Nikatafuta pale penye fundo, karibu na uti wa mgongo, nikaweka kiwiko, nikaegemeza uzito wangu wote, kuliko tiba inavyotaka na kuliko nilivyofundishwa, nikashikilia hapo. Akauma ncha ya khanga yake, na hakuniambia niache.